Je, GoPro yangu inafaa kwa picha za mtaani Kariakoo?

Swali la msomaji wa Dar es Salaam: "Habari za kazi. Nimenunua GoPro HERO9 Black iliyotumika, nikitaka kupiga picha za mtaani bila kubeba kamera kubwa. Nimezunguka nayo Kariakoo siku tatu nikiwa nimeifunga kifuani. Watu wanatoka wadogo kama sisimizi, majengo yanainama, na za jioni zote zimetikisika. Nikashauriwa nifunge kasi ya shata kwenye 1/500 ya sekunde, basi za mchana zikaungua, nyeupe tupu. Niiuze nitafute kamera kubwa, au kuna namna?"

Nzuri, ndugu yetu. Usiiuze kwanza. Kati ya hayo manne, mawili yanatokana na mahali ulipoifunga na umbali uliosimama, na mengine mawili yanatokana na kuilazimisha kamera iende kama kamera kubwa wakati ndani yake haiko hivyo. Tuanze na umbali, kwa sababu usipourekebisha huo, mengine yote hayatakusaidia.

Katika kamera yako, chaguo la upana wa picha liitwalo Linear linaona upana unaolingana na lenzi ya milimita 19 kwenye kamera kubwa. Kwa hesabu ya mtaani, kila mita moja unayosimama mbali na mtu, picha inabeba takriban mita 1.9 kwa upana na mita 1.4 kwa urefu. Ukiwa mita 5, yaani ng'ambo ya kichochoro cha kawaida, picha yako ina urefu wa mita 7, na mtu mzima anachukua robo tu ya urefu huo. Uso wake unapata pikseli kama 120 kutoka chini hadi juu, ndani ya picha yenye pikseli 3888. Huwezi kuukata uso huo ukakaa vizuri kwenye chapisho lolote. Ukisogea hadi mita 1.2, mtu yuleyule anajaa picha kutoka viatuni hadi kichwani. Ukifika sentimita 80, unampata kuanzia kiunoni, na mikono yake na bidhaa alizoshika zinakuwa ndizo habari yenyewe.

Kwa hiyo umbali wa kazi wa kamera hii ni kati ya sentimita 60 na mita moja na nusu. Ni karibu, tena karibu sana. Wengi wanainunua wakiamini kwamba udogo wake utawaruhusu kupiga kwa mbali bila kuonekana, kumbe lenzi yake inadai kinyume chake. Kata kamba ya mita 1.2, ifunge mwisho mmoja kwenye kiti hapo nyumbani, zoea kwa macho umbali huo kabla ya kutoka tena. Siku ya tatu hutahitaji kamba.

Ukiwa karibu hivyo, fokasi haitakusumbua. GoPro haina fokasi ya kuzungusha wala ya kujitafutia, imefungwa kiwandani. Lenzi yenyewe ina urefu wa kama milimita 3 tu, na kwa tundu la kupitishia mwanga la f/2.8 kila kitu kuanzia sentimita 35 hivi hadi upeo wa macho kinatoka kikiwa kikali. Ndiyo maana unaweza kuinua mkono na kubonyeza bila kusubiri kijisanduku cha kijani. Upande wa pili wa jambo hilo ni kwamba hutapata kamwe mandhari ya nyuma yaliyofifia. Ukilinganisha na kamera kubwa, ni kama umefunga lenzi kwenye f/16, tundu dogo sana. Kila kilicho nyuma ya mtu kitaonekana: nguzo, waya, bango la mtandao wa simu. Kazi ya kusafisha picha inafanywa na miguu yako, kwa kuhama hatua moja kushoto au kulia kabla ya kubonyeza.

Sasa majengo yanayoinama. Ulipoifunga kifuani, mkanda uliielekeza juu kidogo, na ukipumua au kugeuka pembe inabadilika. Lenzi pana haisamehe hilo. Digrii 5 tu za kuelekea juu zinatosha kufanya maghorofa ya Mtaa wa Uhuru yaangukie katikati ya picha. Vua mkanda. Shika kamera mkononi, kwenye kifremu chake au kishikio kifupi cha sentimita 10, iwe usawa wa kifua au kidevu, uso wake wima kabisa. Washa gridi kwenye skrini ya nyuma na uhakikishe upeo au mstari wa fremu ya duka umelala. Ukitaka jengo liingie lote, inua mkono badala ya kuinamisha kamera. Hapa udogo unasaidia kweli, kwa sababu mkono ulionyooshwa juu ya kichwa unakupa kimo cha zaidi ya mita mbili, na hakuna anayeweza kufanya hivyo kwa muda mrefu na kamera ya kilo moja. Miavuli ya zege ya soko kuu, lile jengo lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, inapendeza ikipigwa kwa mkono ulioinuliwa hivyo, lenzi ikitazama mbele moja kwa moja.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi ya intaneti hayalisemi vizuri: tofauti ya Linear na Wide kwenye nyuso. Linear inanyoosha mistari ili ukuta ubaki ukuta, lakini gharama yake inalipwa na walio pembeni. Mtu aliye digrii 40 kutoka katikati anavutwa upana kuliko urefu kwa karibu asilimia 30. Kichwa kinakuwa kama embe lililolala. Wide haifanyi hivyo kwa kiwango hicho. Inapinda nguzo na paa, lakini uso wa pembeni unabaki na umbo lake. Basi kanuni yetu ni hii. Ukiwa kwenye uchochoro wenye kuta, milango na maduka, na mtu mmoja yuko katikati, tumia Linear na umweke ndani ya theluthi ya kati. Ukiwa katikati ya kundi, watu wamekuzunguka pande zote na hakuna mstari mkubwa ulionyooka, tumia Wide. Chaguo la Narrow, linalolingana na milimita 27, ni kukata tu picha ileile. Halikuongezei lenzi nyingine. Simu nyingi zina lenzi karibu na hiyo.

Tuje kwenye mwanga, palipokuchanganya zaidi. Tundu la lenzi hii ni moja, f/2.8, halifungwi wala halifunguliwi. Kamera inabaki na vitu viwili tu vya kuchezea: kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga huo. Jua kali la Dar, kwa f/2.8 na ISO 100 ambayo ndiyo ya chini kabisa, linahitaji shata ya karibu 1/3000. Ukiifunga kwenye 1/500 umeingiza mwanga mara sita zaidi ya unaohitajika, na ISO haina pa kushukia. Ndiyo sababu ziliungua. Aliyekushauri alikuwa akifikiria kamera yenye tundu linalofungwa.

Juani acha Shutter kwenye Auto, ISO Min 100, ISO Max 400, na EV Comp, yaani mwangaza wa jumla wa picha, shusha hadi -0.5 ili mashati meupe na mabati yasipotee. Kamera yenyewe itakimbilia kasi kubwa, na mtikisiko hautakuwepo. Kwenye kivuli, chini ya mabaraza na maturubai, hali ni nyingine: mwanga umepungua mara nane hivi, na hapo 1/500 inakaa vizuri na ISO Max 800. Jioni baada ya Maghribi, kwenye mtaa wenye taa za maduka, weka 1/125 na ISO Max 1600. Ukipanda 3200 utapata picha, lakini ngozi za watu zitajaa chembechembe, na kamera ikijaribu kuzifuta inazilainisha mpaka nyuso zinafanana na nta.

Za jioni zilitikisika kwa sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza, kamera ikiwa kwenye Auto gizani hushusha shata hadi mkono au kifua kinachotembea hakiwezi kuimudu. Ya pili, HyperSmooth, ule utulivu unaosifiwa, ni wa video. Haugusi picha za mnato. Na sasa utakaposogea karibu, kuna hesabu nyingine ya ukaribu. Mtu anayepita mbele yako kwa mwendo wa kawaida, mita 1.4 kwa sekunde, anasogea milimita 11 ndani ya 1/125 ya sekunde. Ukiwa mita 5 mbali hizo ni kama pikseli 6, hazionekani sana. Ukiwa mita 1.2 zinakuwa pikseli 25, na uso umevurugika. Kwa hiyo usiku uchague waliotulia: muuza mishikaki anapogeuza mishikaki yake, mwenye duka anayehesabu chenji, wateja walioketi. Na wewe usimame, miguu miwili chini, viwiko vimebana mbavu. Wapita njia waache wawe ukungu nyuma yao; huo ukungu unapendeza kama kuna mmoja aliyetulia.

Kwenye Output chagua Standard. HERO9 ina SuperPhoto na HDR pia, na ukiiacha kwenye SuperPhoto kamera itaamua yenyewe wakati wa kuunganisha picha kadhaa kuwa moja. Mtaani watu hawasimami ili ziungane, utapata mkono wenye kivuli cha mkono wa pili. Tena inachelewesha picha inayofuata. RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata, ni nzuri na ninaipendekeza kwa eneo moja hasa, chini ya maturubai ya bluu, ambako kila uso unageuka rangi ya samaki wa barafuni na White Balance (usawazishaji wa rangi) ya Auto inababaika. Faili la RAW, lenye mwisho wa GPR, linakuruhusu kurudisha rangi ya ngozi baadaye kwenye programu ya Lightroom. Ila RAW inafanya kazi na Wide pekee, hivyo mistari utainyoosha mwenyewe kompyutani. Usipotaka kazi hiyo, bado kwenye Standard unaweza kuweka White Balance 5500K ukiwa juani na Sharpness iwe Low, halafu ukaongeza ukali kwa programu ya Snapseed. Ukali wa kiwandani unachora mstari mweupe kuzunguka kila kitu, na ukishachorwa haufutiki.

Jambo linalowakosesha wengi picha ni kuizima na kuiwasha. Kamera ikiwa imezimwa na QuikCapture imewashwa, ukibonyeza kitufe cha shata itaamka ikirekodi video, si picha. Zima QuikCapture. Weka Auto Off kwenye dakika 15 au 30 na skrini ijizime baada ya dakika 1, kisha tembea kamera ikiwa macho. Zima milio na taa zote nyekundu. Zima pia amri za sauti. Katikati ya vipaza sauti vya "elfu mbili mbili" haisikii kitu. Kwa matumizi haya betri ya 1720 mAh inapungua haraka, beba mbili za akiba mfukoni.

Kwa tukio linalokwenda kasi, mpagazi anayeruka mfereji na mzigo kichwani au mkokoteni unaokata kona, LiveBurst inahifadhi sekunde 1.5 kabla ya kubonyeza na 1.5 baada yake. Inakupa nafasi ya kuchagua hatua iliyokaa vizuri. Usiitumie kwa kila kitu, maana kadi inajaa na kuchambua kunachosha. Wapo wanaotembea na Time Lapse Photo ya kila sekunde 2, kamera ikining'inia. Kwa saa moja hizo ni picha 1800. Ukihesabu megabaiti 7 kwa moja, umejaza gigabaiti 12 na nusu, na karibu zote ni viwiko na visogo. Sioni faida yake. Picha ya mtaani ni uamuzi wa mtu mmoja kwa wakati mmoja, na mashine haiwezi kukuamulia.

Sasa watu wenyewe. Udogo wa kamera usiutumie kujificha. Mtu wa Kariakoo akiona kitu cheusi chenye lenzi kimefungwa kifuani, anajua au anahisi kwamba anarekodiwa, na ana haki ya kukasirika. Ikiwa mkononi, inaonekana, naye anaweza kukuuliza. Machinga aliyetandaza bidhaa chini Mtaa wa Kongo ana sababu zake za kuogopa picha: hajui utaipeleka wapi. Anza na salamu, nunua kitu kama unakihitaji, kisha omba. "Shikamoo mama, naomba nipige picha ya mikono yako ukifunga hivyo vifurushi" inakubalika mara nyingi kuliko "naomba picha", kwa sababu umesema unachokiona na kwa nini. Akikataa, shusha kamera na umshukuru. Watoto usipige bila mzazi kuwepo. Kama picha itatumika kwenye biashara au tangazo, pata ridhaa ya maandishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na picha inayomtambulisha mtu uichukulie kama mali yake.

Upana wa lenzi una hatari nyingine hapa. Wide inaona zaidi ya digrii 120 kwa mlalo, yaani hata kilicho karibu na bega lako. Ukiwa Mtaa wa Msimbazi unapiga abiria wa mwendokasi, kituo cha polisi kinaweza kuingia kwenye ukingo wa picha bila wewe kukusudia. Vituo vya polisi, kambi za jeshi, Ikulu na maeneo ya bandari viepuke kabisa. Hapo hakuna maelezo ya "nilikuwa napiga daladala" yatakayokuokoa na usumbufu.

Kama unataka zoezi moja la kuijaribu kamera kwa haki, mtafute muuza kahawa mwenye wateja wake wa kila siku, saa kumi na nusu jioni. Kaa kwenye benchi, agiza kikombe na kashata, ukae dakika kumi bila kupiga chochote. Kisha, ukiruhusiwa, shusha kamera hadi usawa wa dele, sentimita 40 kutoka lilipo, kwenye Linear, kivulini, 1/500. Dele la shaba litakuwa kubwa mbele, mdomo wake mrefu ukielekea kikombe, makaa mekundu chini yake, vidole vya muuzaji vimeshika vikombe viwili vya kugonganisha, na nyuma yake wazee wanne wa benchi wote wakiwa wakali, kila mmoja na uso wake. Simu haikupi picha hiyo kirahisi; ukiweka lenzi yake karibu namna hiyo itachagua dele au wazee. Kamera kubwa itahitaji ulale chini na ufunge tundu hadi f/16. Hii yako inaipata ukiwa umeketi unakunywa kahawa.

Piga pale picha 30, si zaidi, na urudi mara tatu kwa siku tofauti. Ukiona katika kila 30 kuna 2 au 3 ambazo mtu mkuu anachukua zaidi ya nusu ya urefu wa picha na mikono yake inafanya jambo, kamera inakufaa, endelea nayo. Ukiona bado unapiga kutoka mita 4 kwa sababu kukaribia kunakutesa, hilo si kosa lako wala la kamera. Tumia simu, au tafuta kamera yenye lenzi ya milimita 35 au 50, na GoPro ibaki ya mvua.

Na mvua ndiyo msimu wake. Masika yanapomwagika, wapiga picha wote wanakimbilia chini ya mabaraza, na wewe unaweza kusimama katikati ya maji, kwa kuwa haipitishi maji hadi kina cha mita 10 ikiwa mlango wa pembeni umefungwa vizuri na mpira wake hauna mchanga wala unywele. Tatizo ni matone kwenye kioo. Kwa kuwa lenzi ni pana, tone moja linakuwa doa kubwa la maziwa. Usilifute kwa kidole wala shati, litageuka mafuta. Tikisa kamera kwa nguvu mara mbili, au tumia kitambaa laini cha miwani ulichokiweka kwenye mfuko wa plastiki. Kioo hichohicho kikishikwa na jasho kinasababisha miale ya ajabu kuzunguka taa za usiku, kwa hiyo kikague kila baada ya robo saa. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi dakika 15 au 20 kabla ya kuitoa, la sivyo kioo kitafunga ukungu. Na ukipita Feri kwenye samaki na hewa ya chumvi, ukifika nyumbani isuuze kwa maji baridi ya bomba, mlango ukiwa umefungwa.

Kadi nayo iangalie. Chukua microSD yenye alama ya V30, gigabaiti 64 zinatosha. Kadi bandia ni nyingi sokoni: imeandikwa 128 lakini ndani ina 16, na inajaza juu ya picha za zamani bila kukuonya. Kabla ya kuiamini, ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac. Inachukua saa moja hivi, na kadi ikifeli irudishe siku hiyohiyo. Kisha ifomati ndani ya kamera.

Yule muuza kahawa umpelekee picha yake iliyosafishwa, saizi ya inchi 4 kwa 6. Faili la kamera yako lina uwiano wa 4:3 na karatasi hiyo ni 3:2, kwa hiyo studio watakata sehemu moja ya tisa ya urefu, na mara nyingi wanakata juu na chini bila kuuliza. Unapompiga, acha nafasi ya viganja viwili juu ya kofia yake.